Fundi Paskali Yuko Njiani

Katika milima yote ya Usambara, kuanzia Mtae mpaka Bungu, hakuna jicho lililolenga rangi kama jicho la Bi Rahabu wa Magamba. Maneno hayo ni yake mwenyewe, na aliyasema kila mgeni alipoingia kwenye chumba cha kuchapia. Mgeni akianza kutikisa kichwa kwa heshima, Bi Rahabu humnyooshea mfuko wa kitambaa uliochapwa jogoo, akamwonyesha kilemba chekundu cha jogoo huyo kilivyokaa juu ya mkia.

"Jicho lenyewe ndilo hilo," husema. "La pili lina mtoto wa jicho, na hili zima nalifumba nikivuta wino, kwa woga."

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, yeye na wenzake katika chama cha akina mama walikuwa wakitengeneza mifuko ya kitambaa ya kubebea plamsi, pea na karoti, yenye picha upande mmoja. Kushona ilikuwa kazi ya Halima, mtunza hazina, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo. Kuchapa ilikuwa kazi ya Bi Rahabu. Unalaza juu ya mfuko fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa laini chenye picha, unamimina wino, unaukwangua kwa mpira, picha inashuka. Rangi moja, fremu moja. Rangi ya pili inataka fremu yake, na hapo ndipo shughuli ilipo, maana rangi hiyo ya pili lazima iangukie pale pale ilipoachiwa nafasi na ya kwanza.

Bi Rahabu alipigilia misumari mezani ili fremu ziegemee mahali pamoja. Lakini Magamba ni Magamba. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria na mbao zinavimba. Mchana jua likichungulia kidogo zinanywea. Misumari inabaki ilipo, fremu zinahama. Jogoo wa asubuhi na jogoo wa mchana hawakuwahi kuwa wa baba mmoja.

Watu walinunua hivyo hivyo, wengine wakicheka, mpaka alipokuja mnunuzi wa matunda aliyetaka mifuko ya msimu mzima, yenye picha ya plamsi kwa rangi nne. Akachapiwa mfano. Aliutazama, akaugeuza, akauliza kwa adabu kama plamsi ile ilianguka mtini au ilipigwa na watu. Kisha akasema kazi ni yao siku atakayoona rangi zimekaa. Wasipoweza, ataipeleka Dar es Salaam. Kila mmoja alijua maana yake. Bila kazi ile watarudi kwenye kibarua cha kupalilia viazi vya watu, na Bi Rahabu hakuwa tena na mgongo wa kupalilia. Ulimi tu ndio ulikuwa mzima, na ulimi haupalilii.

Basi chama kikakubaliana kununua mashine. Moja tu, ya pili isingepatikana hata wauze mbuzi wote wa Magamba.

Sasa, akina mama hawa walikuwa na kovu. Nyumbani kwa Halima, chini ya baraza, ililala mashine ya kufuma sweta waliyoinunua zamani kwa vigelegele. Ilifuma vizuri mpaka kijipande kimoja, kidogo kama jino la mtoto, kikavunjika. Muuzaji akaahidi kwamba fundi atapanda mlima. Hajapanda mpaka leo. Kuku wa Halima wanatagia humo, na Halima kila akiokota yai hulitaja jina la fundi yule, si kwa kumwombea.

Kwa hiyo safari hii waliweka sharti kabla ya kuondoka mtu. Rangi zikae mahali pake, na fundi apande. Mashine nzuri yenye fundi wa kupanda mlima, hiyo watanunua. Isiyo na fundi, hata kama inaimba, wataiacha na kurudi kwa Eliza.

Eliza alikuwa na karakana yake Soni, kando ya barabara, na alikuwa akiuza mashine ya mikono minne, kila mkono na fremu yake, iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi. Walikwenda kuiona. Rangi zilikaa, ndiyo, lakini kwa kubembelezwa: uisukume kidogo hapa kwa kiganja, uibane pale kwa spana, uiambie maneno mazuri. Bi Rahabu aliifananisha na punda, kwamba kufika inafika, ila mjadiliane kwanza. Ila Eliza mwenyewe ndiye fundi, na mara ngapi walimwona akipita Magamba na pikipiki yake, spana zikigongana mgongoni?

"Tukaone na ile mpya ya dukani Korogwe," Bi Rahabu alisema, "tusije tukaoa punda hatujamwona farasi."

Wakatumwa wawili, yeye na Halima. Halima alitumwa kwa sababu hadanganyiki. Bi Rahabu alitumwa kwa sababu ya jicho lake, na kwa sababu wangemwacha asingewapa amani. Tena alikuwa na kipaji kingine ambacho wenzake walikiogopa: aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Siku moja aliiga sauti ya mchungaji nyuma ya ukuta wa kanisa, mbwa wa mchungaji akaja akitikisa mkia.

Waliteremka kona za Soni wakiwa na masweta, wakayavua Mombo, na kufika Korogwe wakatamani wangeweza kuvua na vingine. Duka la mashine lilikuwa barabarani, milango ya kioo imefunguliwa wazi. Mwenye duka, Mbaraka, Mzigua wa Handeni mwenye shati lililonyooshwa kwa pasi, aliwapokea kwa bashasha, akauliza habari za mlimani na kama baridi bado ipo.

"Marahaba," Bi Rahabu akajibu.

Mbaraka akasimama. Alipoelewa kwamba amejibiwa salamu ambayo hakuitoa, aliinamisha kichwa, akaitoa. Bi Rahabu akaipokea mara ya pili, akamwambia asijali, Wazigua ni watani na wamesamehewa mengi. Mbaraka akacheka. Ukiacha jambo moja, alikuwa mtu wa kupendeza, na jambo hilo tutalifikia.

Mashine ilisimama katikati ya duka. Mikono yake sita ilitanda pande zote kama mwavuli uliogeuzwa na upepo, kila mkono umeshika fremu ya chuma chepesi cheupe, na chini yake zilizunguka mbao sita za kulazia kitambaa. Bi Rahabu alikuwa ameandaa mzaha wa kuingilia. Mzaha ukamponyoka, hata baadaye hakuukumbuka.

Walikwisha kumtumia Mbaraka picha ya plamsi yao, naye alikuwa amewaandalia fremu nne. Alilaza mfuko wao mmoja ubaoni, akateremsha mkono wa kwanza, akakwangua. Mikono yake iliijua kazi. Mikono haikuwa na uongo. Ikatoka njano, doa lisilo na maana, kama mtu amemwaga mchuzi. Akazungusha. Mkono wa pili ukashuka na wekundu wake uliokaribia zambarau, na lile doa la mchuzi likaanza kuvimba upande mmoja, likapata shavu. Akazungusha tena. Jani la kijani likateremka na kukishika kikonyo pale pale kilipokuwa kikilisubiri. Mwisho ukaja weusi, mwembamba kama wanja, ukapita ukingoni mwa kila kitu, na plamsi ikatokea.

Hapakuwa na mwanya wa kupitisha unywele kati ya jani na tunda, wala hapakuwa na rangi iliyompanda mwenzake. Kwenye shavu la tunda palikuwa na tone la umande. Bi Rahabu alinyoosha kidole alifute, kama anavyofanya shambani kila asubuhi, na kabla hajagusa akatambua kwamba tone lenyewe halikuchapwa kabisa. Kilikuwa kitambaa chao wenyewe, kilichoachwa kitupu na rangi zote nne. Kila moja ilikuja mpaka ukingoni pale, ikasimama, ikapisha.

Alikirudisha kidole chake taratibu.

Mbaraka akawaonyesha siri yake. Kwenye pembe ya kila fremu palikuwa na msalaba mdogo wa kulengea. Kila rangi inachapa msalaba wake, akaeleza, na ukikuta misalaba minne pembeni, ujue rangi zimegombana. Bi Rahabu alivaa miwani akainama mpaka pua ikanusa wino. Njano ilichapa msalaba, wekundu ukachapa, kijani kikachapa, weusi ukachapa, na pale pembeni ulikuwepo msalaba mmoja tu.

"Subhanallah," Halima alisema kwa sauti ya chini. Kisha akakumbuka alichokuwa akikitazama, akaongeza kwamba pembe hiyo ataikata yeye mwenyewe wakati wa kushona.

Bi Rahabu bado alikuwa na utundu kidogo. Mbaraka alipogeuka kuchukua kitambaa cha kupangusia, mama huyo aliilegeza fremu ya kijani, akaichomoa yote, akaiegemeza ukutani, akasimama na uso wa mtu anayengoja basi. Alitaka kuiona mashine ikiaibika. Mbaraka hakushtuka. Aliirudisha fremu mpaka ikagota kwenye vishikizo vyake vitatu, ikatoa mlio mdogo, *ta*, kama mlango wa kabati zuri. Akachapa kijani tena, juu ya kijani kile kile. Jani likaanguka juu ya jani, kama mtu anayerudi kulala kwenye shimo la godoro lake mwenyewe. Akawaonyesha na skrubu ndogo za pembeni: ukitaka rangi isogee upana wa unywele, unazungusha kidogo, kushoto au kulia, inasogea upana wa unywele, na hapo inakaa. Fremu za chuma hazijui ukungu. Asubuhi, mchana na jioni, jogoo atakuwa yule yule.

Bi Rahabu akanyamaza. Halima, ambaye tangu alfajiri masikio yake hayakupumzishwa, alimtazama kuona kama anaumwa.

Hakuumwa. Alikuwa akikumbuka kwaya ya Magamba, ambayo kwa miaka yote imeimba sauti nne kama watu wanne wanaogombania kiti, isipokuwa Jumapili moja ambayo hakuna aliyejua sababu yake. Siku hiyo sauti ya nne iliingia chini ya zile tatu, na zote nne zikawa kitu kimoja kilichosimama juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Hajawahi kusikia tena kitu kama kile. Sasa alikuwa akikiona, kiko ubaoni, kinanuka wino. Alijisikia mdogo, na ilimpendeza kujisikia mdogo, maana kwa umri wake mambo ya kumfanya mtu mdogo yamebaki machache.

Halima ndiye aliyeuliza. Alisifu kwanza, kwa sababu alilelewa vizuri, kisha akauliza mashine ikisumbua huko juu, ni nani atakayekuja.

Swali hilo halikumsumbua Mbaraka. Yupo fundi Paskali, akasema, na alilitamka jina hilo kama watu wanavyomtaja daktari aliyewazalisha wake zao. Anakaa Mombo, mguuni mwa mlima, kwa makusudi, ili akiitwa apande mara moja. Ukimpigia asubuhi, mchana unamkaribisha chai. Mashine hizi zipo Bumbuli, zipo Mponde, zipo mpaka Bungu, na zote Paskali anazijua kwa sauti zao. Ni mtu wa maneno machache, sauti nzito, lakini mikono yake, mama zangu, mikono yake!

"Vipuri?" Halima akauliza.

Anatembea navyo begani.

Bi Rahabu akaomba namba ya simu. Mbaraka akaiandika kwenye kipande cha boksi, bila kusita, na wao wakaomba ruhusa wakanywe chai ng'ambo ya barabara ili washauriane.

Kwenye mgahawa walikaa benchi la mbele, duka likiwa mbele ya macho yao, mashine iking'aa ndani. Bi Rahabu hakugusa chai. Alianza kumweleza Halima mahali itakapokaa, na kwamba dirisha la kaskazini litapanuliwa, na mnunuzi yule wa matunda atakavyotaka kufuta umande kwa kidole. Halima alimwacha amalize.

"Da Rahabu," akasema, "Mombo tumeshuka, tumevua masweta, tumenunua ndizi, tumeongea na dunia nzima. Wewe hata mbwa wa pale uliuliza habari zao. Fundi anayepanda Bumbuli, Mponde na Bungu, hakuna aliyemtaja hata kwa bahati mbaya?"

"Mtu wa maneno machache. Watamjulia wapi?"

"Mimi nina kuku wanaotagia kwenye maneno machache."

Bi Rahabu akaitazama mashine. Alikuwa mwanamke wa kusali waziwazi, lakini safari hii aliomba kimya kimya, kama anaomba kitu kisicho halali, kwamba Paskali awepo. Awe mvivu, awe mlevi, awe na sauti ya chura, ila awepo. Kisha akaazima simu ya Halima, maana namba yake mwenyewe Mbaraka alikuwa nayo. Akasafisha koo, akajitafutia sauti ya puani, ya mwanamke mchuma chai aliyepigwa na baridi maisha yake yote, akapiga.

Simu ikaita. Ng'ambo ya barabara, Mbaraka aliingiza mkono mfukoni.

Watu wengi wana simu mbili, Bi Rahabu alijiambia.

Mbaraka akatoa kisimu kidogo, akakitazama, akageuza mgongo, akakiweka sikioni. Wakati huo huo sauti nzito ikasema haloo.

Hutokea, Bi Rahabu alijiambia, na moyo wake ukawa tayari umekaa chini.

"Fundi Paskali? Mimi Mama Shukrani wa huku Mponde, wa chama cha mifuko. Ile mashine yetu uliyokuja kututengenezea masika, mkono umekwama tena."

Sauti nzito haikusita hata kidogo. "Naikumbuka, mama. Ule mkono wa tatu. Niliwaambia mapema kwamba utasumbua."

"Ulituambia kweli, baba," alisema Bi Rahabu, na kwa kitambo alimwonea fahari, kama fundi anavyomwonea fahari fundi mwenzake. "Tumekaa tu hapa, mifuko imelala. Utatufikia lini?"

"Mama, mimi niko njiani tayari. Nimeshaiacha Mombo, hapa nakata kona za Soni."

Bi Rahabu akasimama. Halima alishika kikapu, na wote wawili wakaanza kuvuka barabara, Bi Rahabu akiongea polepole ili simu isikatike. Akauliza hali ya hewa huko, maana Mponde kumefunga mawingu.

"Mvua, mama, tena na ukungu. Sioni hata mbele. Nimelowa mpaka soksi."

Jua la Korogwe lilikuwa likiyakaanga mabati. Mbaraka alikuwa amewapa mgongo, akijipepea kwa kipande cha boksi, mkono wake mwingine ukikishikilia kile kisimu. Mbele yake mfuko wa plamsi ulikuwa bado umelala ubaoni. Bi Rahabu alisimama mlangoni, akautazama mara moja zaidi: shavu, jani, na lile tone la umande ambalo hakuna aliyelichapa. Mashine yenyewe haikuwa imewaambia uongo hata wa upana wa unywele. Alitaka kuiaga, na hakujua mashine inaagwaje.

"Pole sana na mvua, baba," alisema kwenye simu, na akaiacha sauti ya Mama Shukrani ianguke, akarudi kwenye yake. "Hodi."

Mbaraka aliisikia hodi ile kwa masikio yote mawili. Boksi likaacha kupepea. Aligeuka, kisimu kikiwa bado sikioni, akawaona akina mama wawili wa Magamba wamesimama mlangoni, mmoja na kikapu, mwingine na simu.

"Shikamoo, mama," akasema, na safari hii hakuhitaji kukumbushwa.

"Marahaba, fundi Paskali," Bi Rahabu akajibu, kwenye simu ile ile. "Umefika haraka, na wala hukulowa."